Picha Inayochomwa Moto Ili Isifutike

Wadau, simu yako ikiibiwa leo kwenye daladala, ni picha gani itakuuma kuliko zote?

Mimi yangu ni ya mbuyu. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya bibi, utoto wetu wote tumeumalizia pale chini. Ukakatwa kupisha barabara. Simu iliyopiga picha ile nayo ikaondoka na wajanja. Nimebaki na nakala moja ya karatasi, na yenyewe imeanza kuwa njano.

Kumbe shida hii ni ya kale! Upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839, na haikuchukua muda watu wakaanza kulalamika kwamba picha zinapauka. Mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kikaunda kamati ya kuchunguza kwa nini. Unajua nani alichangia pauni 50? Prince Albert, mume wa Malkia Victoria.

Kule Paris, Bulot na Cattin walikuwa wameshapita njia nyingine. Mwaka 1854 walisajili uvumbuzi wao wa kuweka picha kwenye kauri. Siri ni hii: picha ya karatasi ya enzi zile ilitengenezwa kwa kemikali za fedha, na hizo huharibika. Picha ya kauri hutengenezwa kwa unga wa madini. Ukiichoma, ule unga unayeyuka na kushikana na kauri moja kwa moja. Jua haliiwezi, maji hayaiwezi.

Albert akafariki mwaka 1861. Victoria akavaa nguo nyeusi mpaka naye alipofariki mwaka 1901. Karibu miaka 40, jamani! Wengi wakaiga, na vito vya msiba vyenye picha ya marehemu vikawa fasheni: pini za kifuani, vidani, pete. Watu walivaa kile walichoogopa kukisahau.

Leo mafundi wa kauri hawaishii kwenye sura za watu. Wanaweka bahari, jani, mti. Na kazi yenyewe inafanyika kwa mkono. Unasukuma udongo kama chapati, unakata umbo, unatoboa tundu la mkufu ungali mbichi. Unachoma, unapaka ile rangi inayogeuka kioo, unachoma tena.

Halafu ndiyo picha. Wino wa unga wa baadhi ya printa za leza una kutu ya chuma ndani yake. Unachapa kwenye karatasi maalumu, unailoweka, picha inateleza na kukaa juu ya kauri. Ikirudi kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1000, plastiki ya wino inaungua yote, chuma kinabaki kimezama kwenye kile kioo. Picha inatoka na rangi ya kahawia, kama ya zamani vile. Printa ya wino wa maji usijaribu, utatoa kauri tupu!

Mbuyu wangu hautarudi, najua. Ila nimeshaipiga skani ile karatasi kabla haijaisha. Nataka kidani, na cha pili cha bibi, maana macho yake hayaoni tena vizuri kwenye simu, lakini shingoni atajua upo.

Haya, zamu yako. Wewe ungevaa picha gani?