Kodi ya Nyumba na Haki ya Mtoto

Leo tutazungumza habari za kodi, nasi tutauliza swali moja: baba na mama wakiachana, mtoto wao alihesabiwaje?

Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani iliweka kodi ya nyumba. Huko mashambani kila nyumba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwaka 1922 Waingereza nao walitoa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Mwenye nyumba alilipia nyumba yake. Mwanamume mzima asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Mwenye wake wawili katika nyumba mbili alilipa mara mbili.

Angalieni jambo hili. Karani alihesabu nyumba na vichwa vya wanaume, mtoto hakumhesabu. Tena kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha hazikupatikana kijijini kwa wepesi. Basi wanaume wengi wa Rungwe na Njombe walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, au kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mama alibaki na jembe lake na mtoto wake. Stakabadhi ya kodi iliyokuwa mfukoni mwa baba haikumlisha mtoto.

Mwaka 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo yasema kwamba baba ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, nguo, mahali pa kukaa na elimu, hata kama mtoto anakaa kwa mama. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa afadhali akae na mama yake, ila mahakama ikiona vingine kwa faida ya mtoto.

Na kodi je? Kodi ya maendeleo, iliyofanana na kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza mtu kwa mapato yake, na fedha za kuwatunza jamaa zake hazipunguzwi katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo mzazi asiseme, “Nimelipa kodi, nimemaliza.” Kodi ni haki ya serikali, matunzo ni haki ya mtoto. Moja halilipi jingine.

Maswali:
1. Karani wa kodi alihesabu nini?
2. Kwa nini wanaume walikwenda Lupa?
3. Mtoto akikaa kwa mama, baba ana wajibu gani?