Maji ya Dodoma na Kazi ya Mkaa

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana katika uwanda wa kati watu walihangaika kuyapata maji muda mrefu kabla ya kufikiria kuyasafisha. Wagogo walifukua visima katika mchanga wa makorongo yaliyokauka. Mchanga ulichuja tope, lakini chumvi ilibaki. Katika karne ya 19, misafara ya kutoka pwani ilijaza maji Mpwapwa kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ikalipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili ipite na kunywesha.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kuizunguka stesheni. Wakati wa Waingereza mji ulitegemea mabwawa ya Imagi na Msalatu. Maji ya bwawa hubeba mabaki ya majani na mwani, yaani uchafu wa kikaboni unaoharibu rangi, ladha na harufu. Baadaye visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, vikawa chanzo kikuu, na umuhimu wake uliongezeka baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Maji ya ardhini huwa na mabaki machache ya viumbe; kasoro zake ni ugumu, chumvi, nitrati na, hasa upande wa Singida, floraidi.

Kwingineko duniani mkaa ulikuwa umeshapata kazi. Mwaka 1785 Tobias Lowitz aligundua, akiwa Urusi, kwamba mkaa huondoa rangi kwenye vimiminika. Viwanda vya sukari vikatumia mkaa wa mifupa, na kufikia miaka ya 1930 mitambo ya maji Marekani ilitumia kaboni amilifu kuondoa harufu. Mwaka 1974 Johannes Rook wa Uholanzi alionyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya viumbe huzalisha klorofomu na kemikali za jamii yake. Tangu hapo kaboni ikathaminiwa zaidi, kwa kuwa huondoa mabaki hayo kabla klorini haijatiwa.

Kaboni hiyo hutengenezwa kwa mkaa wa kuni, makaa ya mawe au vifuu vya nazi, unaochomwa kwa mvuke katika nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi hadi utoboke vinyweleo. Gramu moja huwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500, ambapo molekuli za kikaboni hunata. Chumvi na nitrati hupita. Floraidi nayo hupita karibu yote, ndiyo maana kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilitumia mkaa wa mifupa, ambao huinasa kwa fosfati ya kalsiamu iliyomo mfupani.

Kwa hiyo kaboni amilifu haitibu kasoro kuu za visima vya Dodoma. Mahali pake ni kwenye maji ya juu ya ardhi, kama yale ya bwawa linalokusudiwa Farkwa, wilayani Chemba. Kwa maji ya aina hiyo, tope hutuamishwa na kuchujwa kwanza, kaboni ikafuata, klorini ikawa ya mwisho. Na kaboni iliyojaa uchafu hubadilishwa au kuchomwa upya.