Ufunguo wa Dzaleka

Historia ya mtu mweusi huhesabiwa mara nyingi kwa majina ya viongozi. Ikitajwa Malawi, hutajwa John Chilembwe, aliyeongoza uasi dhidi ya wakoloni mwaka 1915 na kuuawa. Hutajwa pia Kamuzu Banda, aliyeiongoza nchi hiyo kupata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Ni nadra kutajwa askari aliyelinda lango, au yule aliyeshika ufunguo. Leo tumtaje huyo, na tuanzie mahali paitwapo Dzaleka.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 50 kutoka Lilongwe. Katika miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mchanga, serikali ya Banda iliweka hapo kambi ya kuwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe lilikuwa kitisho, kwani kwa Kichewa limetokana na neno la kuacha: aliyetiwa humo atoke akiapa kwamba hatarudia tena.

Kurudia nini? Miezi miwili tu baada ya uhuru, Banda alihitilafiana na mawaziri wenzake waliopigania uhuru pamoja naye. Henry Chipembere, Kanyama Chiume na Orton Chirwa wakakimbia nchi. Chiume aliishi miaka mingi Dar es Salaam, akaandika hata kwa Kiswahili. Chirwa na mkewe Vera, wote wanasheria, walikamatwa mwaka 1981 wakahukumiwa kifo. Adhabu hiyo ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, na Orton akafia gerezani Zomba mwaka 1992. Wananchi wa kawaida walioshukiwa kuwaunga mkono viongozi hao waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Walifuata Mashahidi wa Yehova, waliokataa kununua kadi za chama.

Mkono mmojawapo wa utawala huo ulikuwa kikosi cha vijana wa chama kilichoitwa Young Pioneers. Kilianzishwa mwaka 1963 kuwafunza vijana kilimo na nidhamu. Baadaye kilipewa silaha, na sheria ikakikinga dhidi ya mkono wa polisi. Hapo pana funzo la kwanza kwa kila mlinzi wa amani. Nchi ikiwa na kikosi chenye bunduki kinachotii chama badala ya sheria, polisi wake hugeuka pambo, na jeshi lake hugeuka mtazamaji.

Tarehe 14 Juni 1993 wananchi wa Malawi walipiga kura ya maoni, wakachagua mfumo wa vyama vingi. Vijana wale hawakusalimisha silaha. Mwanzoni mwa Desemba wakawaua wanajeshi katika mji wa Mzuzu, na tarehe 3 jeshi likashambulia makao makuu yao mjini Lilongwe. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, yaani rudisheni. Watu walipoteza maisha, raia wakiwamo, wala hatusemi kwamba kila kilichotendwa siku zile kilikuwa chema. Lakini lipo jambo kubwa ambalo halikutendwa: jeshi lililokuwa na bunduki mkononi, katika mji mkuu, halikutwaa madaraka. Lilirudi kambini. Tarehe 17 Mei 1994 wananchi walichagua rais kwa kura, na Banda akakubali kushindwa.

Mtihani huo ulirudi mwezi Aprili 2012, Rais Bingu wa Mutharika alipofariki dunia. Walikuwapo wakubwa waliotaka kumruka Makamu wa Rais, Joyce Banda, ingawa Katiba ilimtaja yeye. Jeshi likasimama upande wa Katiba, naye akaapishwa tarehe 7 bila risasi kulia.

Na Dzaleka je? Mwaka ule ule wa 1994 mahali pale palifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Waliofika walitoka Rwanda, Burundi na Kongo, na leo Kiswahili kinasikika humo kila siku. Tangu mwaka 2014 hufanyika hapo tamasha linaloitwa Tumaini. Lakini kambi iliyokusudiwa kwa watu 10,000 hivi ina zaidi ya watu 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini warejee humo. Mwezi Mei polisi na wanajeshi walipita Lilongwe wakiwakamata. Mamia walishikwa, watoto wakiwamo, na baadhi yao wakapitia gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka.

Ndugu askari, serikali yoyote ina haki ya kuweka utaratibu ndani ya mipaka yake. Lakini mtoto hatambui kifungu cha sheria. Anachokikumbuka ni sura ya mtu aliyevaa sare mlangoni kwao. Amri hutoka juu, ila namna ya kuitekeleza hubaki shingoni mwa mtekelezaji.

Ardhi ya Dzaleka ni ile ile. Imekuwa jela, ikawa kimbilio, na inaweza kugeuzwa jela tena bila tofali moja kuongezwa. Linaloamua ni mwenye ufunguo: anamtii nani, na anamwonaje aliye upande wa pili wa lango. Tulifundishwa zamani kwamba cheo ni dhamana. Bunduki nayo ni dhamana, na ufunguo ni dhamana. Mwenye mali ni mwananchi, naye iko siku huidai.