Kutoka Ruhusa hadi Haki: Historia Fupi ya Likizo ya Kazi katika Kongo

Makala haya yanachunguza jinsi kutokuwepo kwa mfanyakazi kazini kulivyohesabiwa kwanza kuwa kosa, kisha hisani, na mwishowe haki. Maneno mawili yatatuongoza. Ruhusa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kibali atoacho mwenye amri kwa aliye chini yake. Likizo latokana na kitenzi likiza, kilichotumiwa pia kwa mama amwachishaye mtoto ziwa: ni kufunguliwa wakati unapotimia. Ruhusa huombwa, likizo humfikia mtu kwa kuwa muda wake umewadia.

Katika Katanga ya kikoloni, ruhusa ndiyo iliyotawala. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipata watu wake kwa mikataba mifupi; mkataba ulipokwisha, mtu alirudi kijijini. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 iliweka adhabu za jinai kwa mfanyakazi mweusi aliyevunja mkataba. Aliyeondoka ili kumzika mzazi wake aliweza kuitwa mtoro. Mtumishi wa serikali wa Kizungu, kwa upande wake, alimaliza muhula wake akijua kwamba likizo ndefu ya Ulaya inamngoja. Hata Ubelgiji kwenyewe, wafanyakazi walipata siku 6 za likizo yenye malipo kwa sheria ya Julai 1936 tu, baada ya migomo mikubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilianza kuandika mikataba ya miaka mitatu na kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Tangu hapo swali la likizo likabadilika. Mtu anayekaa lazima awe na njia ya kwenda na kurudi bila kupoteza kazi yake.

Baada ya uhuru, Kanuni ya Kazi ya tarehe 9 Agosti 1967 iliwaweka wafanyakazi chini ya sheria moja. Nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Humo mwajiri analazimika kutoa likizo. Haki hupatikana baada ya mwaka mmoja wa utumishi: siku moja ya kazi, kwa uchache, kwa kila mwezi mzima kwa aliyepita umri wa miaka 18, na siku moja ya nyongeza kwa kila miaka mitano kwa mwajiri yuleyule. Mama mjamzito ana haki ya wiki 14 mfululizo, akilipwa theluthi mbili za ujira wake.

Lakini tatizo la zamani limebaki katika msiba. Sheria inatoa siku 4 kwa kifo cha mwenzi au ndugu wa daraja la kwanza, na siku 2 kwa daraja la pili. Kwa hesabu hiyo, baba mzazi yumo katika la kwanza, kaka na babu katika la pili. Baba mdogo na mjomba, walio wa daraja la tatu, hawamo kabisa. Kwetu baba mdogo ni baba. Anayemlilia hurudi tena mlangoni pa mkubwa wake kuomba ruhusa, kama babu yake mwaka 1922, ila hatishiwi tena gereza.

Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi. Mfasiri wa sheria akiandika tu "kifo cha baba", msomaji atadhani ameahidiwa asichoahidiwa. Yafaa aandike "baba mzazi", kisha aeleze daraja. Sheria yenyewe haizuii mapatano ya pamoja kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi kutoa zaidi ya kiwango chake. Basi wanaojadiliana mapatano hayo wataje baba mdogo na mjomba kwa majina yao, ili likizo ya msiba isibaki nusu haki, nusu ruhusa.