Matanga ya Bendera

Lugha ya mabaharia wa mwambao ina neno moja linalotumikia mambo mawili ambayo mgeni hawezi kuyadhania kuwa ni majirani. Matanga ni yale yanayotwekwa mlingotini ili jahazi lipate upepo. Na matanga ni zile siku ambazo wafiwa hukaa pamoja mikekani, mpaka ifike siku ya kuanua. Jahazi likitweka matanga linaondoka. Nyumba ikikaa matanga, shughuli zake zimesimama. Hata mlingoti wa serikali, uliosimikwa ardhini mbele ya ofisi na usiopata kuonja maji ya chumvi, umechukua jina lake chomboni. Kwa hiyo Mswahili asemapo kwamba bendera inapepea nusu mlingoti, anausema msiba wa nchi kavu kwa maneno ya baharini. Historia nayo inamuunga mkono, kwani desturi hiyo ilitoka baharini.

Habari ya kale inayotajwa mara nyingi ni ya mwaka 1612. Mwaka huo nahodha Mwingereza, James Hall, aliongoza merikebu mbili, Patience na Heart's Ease, hadi pwani ya Greenland. Hall alikuwa amewahi kufika huko zamani katika misafara ya mfalme wa Denmark, misafara iliyowateka baadhi ya wenyeji na kuwachukua Ulaya. Mwezi wa Julai mwenyeji mmoja alimchoma mkuki, naye akafa kwa jeraha hilo. Heart's Ease ilijongea bendera yake ikiwa imeteremka, na jambo hilo likaandikwa kuwa ni alama ya kifo. La kuzingatiwa hapa ni kwamba alama ile haikuhitaji mkalimani. Maadamu ilisomeka mara moja, yamkini mwaka 1612 haukuwa mwanzo wa desturi, bali ni mwaka ambao desturi iliingia katika maandishi.

Katika zama za merikebu za matanga, bendera haikulia peke yake. Chombo kilichofiwa kiliachia kamba zake zilegee na foromali zake zipinde upande, zisilingane. Fahari ya baharia ni unadhifu wa kamba zake. Kuziacha ovyo kwa makusudi kulikuwa sawa na mfiwa kuacha kuchana nywele. Bendera iliyoshuka ni sehemu ya ovyo ule wa heshima iliyobaki hadi leo, baada ya matanga yenyewe kupisha mvuke na mafuta.

Majeshi ya wanamaji yaliitia desturi hiyo katika kanuni. Bendera ya msiba haitwekwi moja kwa moja hadi katikati: hupandishwa kwanza mpaka kileleni, ikatulia kitambo, ndipo ikateremshwa. Wakati wa kuitungua, hurudishwa kileleni kwanza. Wala nusu si lazima iwe nusu ya fundi mwenye futikamba. Kwa Waingereza hutosha bendera ikae kwenye theluthi mbili za mlingoti, mradi juu yake ibaki nafasi isiyopungua kimo cha bendera yenyewe. Watu wengi hueleza kwamba nafasi hiyo ni ya bendera nyingine isiyoonekana, bendera ya Mauti, ambayo siku hiyo imepewa kilele. Maana yake ni nzito: mwenye mlingoti amekubali kwamba yuko aliye juu yake.

Ishara hii ilipohamia nchi kavu iligeuka kuwa mali ya dola, na dola hupenda kupanga mambo kwa safu. Nchini Marekani, Rais Dwight Eisenhower alitoa tangazo tarehe 1 Machi 1954 lililoweka kipimo cha kila msiba: siku 30 kwa rais aliye madarakani au aliyestaafu, siku 10 kwa makamu wa rais, jaji mkuu na spika wa baraza la wawakilishi, na wengine kwa kadiri ya vyeo vyao. Kifo, ambacho wahubiri wote husema hakichagui, kikapewa madaraja. Hapo likazuka swali la nani anastahili kushushiwa bendera. Nyuma yake limejificha swali jingine lililo gumu zaidi, nalo ni hili: nani yuko tayari kuishusha, na nani hathubutu?

Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa mizinga katika bandari ya Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia kasrini pamoja na wafuasi wenye silaha. Hakuwangoja Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao na kudai kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ya ridhaa yao. Alasiri ile ile Hamad alizikwa, na mizinga ya kasri ikalia kumtangaza Khalid. Bendera za balozi zilizokuwamo mjini zilishushwa nusu mlingoti kwa ajili ya marehemu. Moja tu haikushuka, nayo ni bendera kubwa nyekundu iliyopepea juu ya kasri la Khalid.

Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Siku zile mambo yalipinduka: wa mbali walikuwa wanalia kwa bendera zao, na nyumba ya mfiwa imeitweka yake hadi kileleni. Asiyejua mambo ya enzi angeweza kusema kwamba mle kasrini hamkuwa na huzuni. Lakini kitambaa kile chekundu hakikuwa na ruhusa ya kuhuzunika. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba mtu ameondoka na kiti kimebaki. Kama kingeshuka hata pima moja, kingekuwa kimekiri kwamba kiti ki kitupu, na nje bandarini walikuwapo wanaolisubiri neno hilo.

Tarehe 26 Admirali Harry Rawson alipeleka onyo la mwisho: Khalid aiteremshe bendera yake na atoke kasrini kabla ya saa tatu ya asubuhi ya siku inayofuata. Khalid alijibu kwamba hana nia ya kuiteremsha, wala haamini kwamba atapigwa. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ilianza kulia. Baada ya dakika kama 40 bendera ya kasri ilipigwa ikaanguka, na mizinga ikanyamaza. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Siku ile ile Hamoud bin Mohammed alikalishwa kitini, naye Khalid akakimbilia katika ubalozi wa Wajerumani. Merikebu Glasgow ya sultani ilizama pale pale bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji, haina bendera ya furaha wala ya msiba, hadi mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912. Vitabu vimehifadhi majina ya manowari na dakika za vita moja moja. Waliokufa wametajwa kwa jumla.

Walioiangusha bendera ile nao wana kiti kisichokubali kufa. Malkia Elizabeth II alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, bendera za Uingereza zilishushwa. Lakini Charles III alipotangazwa rasmi tarehe 10, zilipandishwa zote hadi kileleni, zikakaa hivyo mpaka siku ya pili yake, kisha zikarudishwa chini ya kilele kuendelea na msiba. Bendera ya mfalme mwenyewe haishushwi kamwe, kwa sababu mfalme mmoja anapokata roho mwingine ameshakuwa mfalme. Alilolifanya Khalid kwa kitambaa chekundu, wao hulifanya kwa utaratibu uliopigwa chapa.

Hata hivyo, utaratibu huo uliwahi kushindwa na watu wa kawaida. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti, alifariki Paris tarehe 31 Agosti 1997. Malkia alikuwa Scotland, na kwa desturi ya wakati ule mlingoti wa kasri la Buckingham haukuwa na bendera akiwa hayupo. Kwa siku kadhaa waombolezaji waliuangalia mti mtupu na wakaghadhibika. Tarehe 6 Septemba, siku ya mazishi, malkia alipotoka kasrini, bendera ya taifa ilipandishwa pale ikashushwa nusu mlingoti. Tangu hapo mlingoti ule hauachwi mtupu. Kilio cha barabarani kilibadili kanuni ya kasri.

Ziko bendera ambazo haziteremki kwa sababu nyingine kabisa. Bendera ya Saudi Arabia imeandikwa shahada, na neno la Mwenyezi Mungu halishushwi kwa ajili ya kiumbe. Mfalme Fahd alipofariki tarehe 1 Agosti 2005, nchi nyingine zilishusha bendera zao na yake ilibaki juu. Oman, ambayo bendera yake haina maandishi hayo, ilichukua njia nyingine: Sultani Qaboos bin Said alipofariki tarehe 10 Januari 2020, maombolezo rasmi yalikuwa siku tatu, na bendera zikakaa nusu mlingoti kwa siku 40.

Tanzania imewashushia bendera wakubwa wake. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, zilikaa chini siku 30. Maalim Seif Sharif Hamad alipofariki Februari 2021, Zanzibar iliomboleza siku saba. Na siku saba nyingine ziliombolezwa nchi nzima kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani.

Lakini kipimo cha bendera kiko kwa wasio na cheo. Nchi iliomboleza siku tatu baada ya MV Bukoba kuzama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu kuliko uwezo wake. Maiti 203 zilipatikana. Tume iliyoundwa baadaye ilihesabu waliopotea kuwa zaidi ya 1,000. Siku tatu za maombolezo zilitangazwa. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, na siku tatu nyingine zikatangazwa.

Katika siku hizo bendera ilirudi kwenye asili yake: chombo kimepoteza watu, na mlingoti unasema. Methali ya kwamba kifo cha wengi ni harusi haikupata pa kukaa. Aliyeshushiwa bendera hakuwa nahodha wala sultani. Alikuwa mchuuzi, mwanafunzi, mama na mwanawe mgongoni. Lakini kushusha ni kukiri, na anayekiri anadaiwa. Bendera iliyoteremka kwa ajili ya waliozama ndiyo hiyo hiyo inayopepea juu ya ofisi zinazotoa ruhusa ya vyombo kuondoka bandarini.

Siku ya nne bendera hupanda tena kileleni, kwa kuwa dola ina hesabu yake. Mjane ana hesabu nyingine. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, na siku henza inapovutwa na kitambaa kikapanda, yeye yumo ndani bado. Na yule ambaye bahari haikumrudishia maiti ya mumewe, hata siku ya kuanzia kuhesabu hana budi kwenda kumuuliza kadhi.