Kijiti cha mafuta: somo la Porsche 911 kwa wenye moteri wote



Mwezi uliopita, mashine ya kusaga unga inayotumiwa na familia nyingi zilizokimbia vita ilinyamaza siku nne. Kina mama walibeba mihogo yao mikavu kichwani, mwendo wa saa moja na nusu, kwenda kutafuta mashine nyingine. Kule bei ilipanda siku ileile. Sababu haikuwa risasi, wala haikuwa ukosefu wa mazuti. Kijana aliyekuwa zamu asubuhi ile alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya moteri, akakiona kikavu, akaongeza mafuta. Lakini mashine ilikuwa imekaa kwenye mteremko, na kijiti kilikuwa upande wa juu. Mafuta hayakuwa yamepungua, yalikuwa yamekimbilia upande wa chini. Alipowasha, moshi wa bluu ulijaa chumba kizima, mafuta yakapanda kwa njia ya mpira wa kupumulia mpaka kwenye chujio la hewa, na mwishowe yakaanza kuvuja pembeni.

Wengi walimtukana kijana. Papa fundi aliyekuja kutengeneza hakumtukana. Alimwuliza tu: "Nani alikufundisha kupima?" Kijana akajibu: "Hakuna, papa." Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba hata Wajerumani waliotengeneza Porsche walipata taabu kwa jambo kama hilo.

Neno hilo lilinikaa kichwani. Nilitafuta habari zake, na leo ninawaletea. Ni historia ya gari la matajiri, lakini ndani yake kuna jambo linalomhusu kila mwenye jenereta, pikipiki au mashine ya kusaga.

Gari lililozaliwa Stuttgart

Mwaka 1963, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Porsche ya Stuttgart ilionyesha gari jipya la mbio lililoitwa 901. Jina halikudumu. Peugeot ya Ufaransa ilidai haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, na mwaka 1964 gari likawa 911.

Kabla yake Porsche ilikuwa na gari la 356, ambalo asili yake ilikuwa Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Moteri ya Volkswagen ilihifadhi mafuta yake chini ya moteri yenyewe, katika karteri, kiasi cha lita 2 na nusu. Ndivyo zilivyo moteri nyingi hata leo: mafuta yanakaa chini kama maji kwenye sufuria, na pompa inayavuta kutoka humo.

Namna hiyo ni nzuri kwa mwendo wa kawaida. Lakini gari la mbio likikata kona kwa nguvu, mafuta yanatupwa upande mmoja kama maji kwenye beseni linalobebwa na mtu anayekimbia. Kwa sekunde chache pompa inavuta hewa tu, na vyuma vinasuguana bila mafuta. Sekunde hizo zinatosha kuua moteri.

Kwa hiyo mainjinia wa 911 walichagua njia nyingine, inayoitwa karteri kavu. Moteri ya silinda sita, iliyopozwa kwa hewa na kukaa nyuma ya gari, ilipewa tangi la mafuta la pembeni, karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Pompa moja inanyonya mafuta yanayodondoka chini ya moteri na kuyarudisha kwenye tangi. Pompa nyingine inayatoa kwenye tangi na kuyasukuma kwa nguvu mpaka penye msuguano. Mafuta yenyewe yalikuwa kama lita 9, mengi sana kwa moteri ya lita 2. Yalihitajika, kwa sababu moteri hii haikuwa na maji. Mafuta yalisaidiana na hewa kubeba joto.

Barabara za jirani zetu

Gari hili halikubaki kwenye lami ya Ulaya. Lilifika karibu na kwetu, katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule. Vumbi, matope, mashimo, mito: barabara hizo tunazijua. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili na 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1978 Vic Preston Junior wa Kenya naye akawa wa pili. Mara tatu ushindi uliponyoka. Lakini kumaliza mashindano yale tu kulionyesha kwamba moteri ile ilikuwa ngumu. Waldegård hakusahau: mwaka 2011 alirudi katika Safari ya magari ya zamani, akaendesha 911, na safari hii akashinda.

Sheria ya kupima

Sasa tuje kwenye kijiti. Katika Volkswagen, dereva alisimamisha gari mahali pa sawa, akazima moteri, akangoja dakika chache mafuta yashuke yote, ndipo akapima. Mtu aliyezoea hivyo, akinunua 911 na kufanya vilevile, anadanganyika.

Katika 911, kijiti kiko ndani ya tangi la pembeni. Gari likilala usiku, sehemu ya mafuta inateremka polepole kutoka kwenye tangi na kuingia katika moteri. Asubuhi kijiti kinaweza kutoka kikavu kabisa, na mafuta yapo yote. Sheria ya kiwanda ni kinyume cha ile ya Volkswagen: moteri iwe imepata moto sawasawa, gari liwe mahali pa sawa, na moteri iwe inawaka polepole wakati wa kupima. Hapo pompa imekwisha kuyarudisha mafuta kwenye tangi, na kijiti kinasema kweli.

Wangapi waliona kijiti kikavu asubuhi, wakaogopa, wakamimina? Ni kosa lile lile la kijana wetu. Kijiti hakikuwa na kosa, ila kiliulizwa wakati usiofaa.

Moteri inapumua

Yanayofuata baada ya kujaza kupita kiasi yanatokana na jambo ambalo wengi hawalijui: moteri inapumua hata upande wa mafuta. Pistoni haizibi silinda kwa asilimia mia. Kila esansi inapolipuka, moshi kidogo unapenya pembeni ya pistoni na kushuka chini kwenye karteri. Moshi huo usipopata njia ya kutoka, unasukuma mafuta nje kupitia kila mpira na kila kiungo.

Zamani dawa ilikuwa rahisi: bomba lililoelekea chini, na moshi ulimwagika barabarani. Mji wa Los Angeles, Marekani, ulioteswa na ukungu mchafu, ndio uliosaidia kubadilisha mambo. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba moshi wa magari ukipigwa na jua ndio unaozaa ukungu ule uliochoma macho ya watu. Kuanzia magari ya mwaka 1961, California ilitangulia kutumia njia ya kurudisha moshi wa karteri ndani ya moteri ili uungue tena, na magari ya 1963 yakaieneza Marekani nzima.

Katika 911, mpira unatoka juu ya moteri na kupeleka moshi kwenye tangi la mafuta. Humo matone yanatengana na moshi. Kisha mpira mwingine unatoa moshi juu ya tangi na kuupeleka kwenye chujio la hewa. Ni kazi nzuri, mradi tangi lina nafasi juu ya mafuta. Ukilijaza mno, nafasi ya kupumulia inakwisha. Mafuta yenyewe yanapanda kwenye mpira, yanalowesha chujio, yanaingia katika silinda, na nyuma ya gari wingu la bluu linafunika barabara. Ndiyo yaliyotokea katika chumba chetu cha kusagia.

Tena kuna jambo la ajabu. Katika zile 911 za baada ya 1973 zenye mtambo wa sindano unaopima hewa, ukifungua kifuniko cha mafuta moteri ikiwaka, sauti yake inashuka na moteri inataka kuzima. Asiyejua anashtuka. Fundi anayejua anafurahi, maana mtambo umeona hewa isiyopimwa ikiingia. Kama sauti haibadiliki, fundi anashuku kwamba kuna mpira uliopasuka mahali na hewa inaingia humo tayari.

Kosa la mwaka 1972

Hapa ndipo papa fundi alipolenga. Uzito wa moteri nyuma ulifanya 911 kuwa na mkia mzito kwenye kona. Kwa magari ya mwaka 1972, mainjinia walihamisha tangi la mafuta, wakaliweka mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, ili uzito usogee kidogo katikati. Wazo lilikuwa sahihi. Ili kurahisisha kazi ya kumimina, waliweka kifuniko kidogo nje ya gari, nyuma ya mlango wa kulia.

Zamani zile, kwenye vituo vya esansi, mtumishi ndiye aliyejaza na dereva alikaa ndani. Wenye magari hayo wanasimulia mpaka leo kwamba watumishi waliona kifuniko nyuma ya mlango, mahali ambapo magari mengi yana mdomo wa esansi, wakafungua na kumimina esansi ndani ya mafuta ya moteri. Mdomo wa esansi wa 911 ulikuwa mbele, upande wa kushoto. Katika magari ya 1973, tangi lilirudishwa mahali pake pa zamani. Kifuniko cha nje kiliishi mwaka mmoja tu.

Fikirini, ndugu zangu. Watu waliosoma sana walihesabu uzito na mwendo wa kona, lakini kazi yao ilishindwa na mkono wa mtu ambaye hakuna aliyempa maelezo. Yule mtumishi hakuwa mjinga. Alifanya kama alivyozoea, sawa na kijana wetu wa mashine.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mwenye moteri. Chukua kipande cha karatoni, uandike kwa Kiswahili: moteri hii inapimwa ikiwa moto au baridi; ikiwaka au ikiwa imezimwa, na ngoja dakika ngapi; mafuta yafike alama gani; mpira wa kupumulia uko wapi, na usizibwe. Moteri nyingi za kwetu zinapimwa zikiwa zimezimwa, mahali pa sawa, lakini kitabu cha moteri yako ndicho kinachoamua. Asiyejua Kifaransa, mwenzake amsomee. Halafu funga karatoni hiyo kwenye mashine, ili hata aliyefika jana kutoka kijijini, akipewa zamu, aisome kabla ya kugusa chupa ya mafuta.

Mashine yetu inasaga tena. Papa fundi aliweka mawe mawili chini ya upande mmoja mpaka maji ndani ya bakuli yakatulia sawa. Kisha alimwita kijana, akampa kijiti mkononi, akamwambia: "Sasa pima." Kijana akapima, akafuta, akapima tena. Mafuta yalikuwa yanatosha.