Mwenyeji Anaonja Kwanza: Pati za Kizamani Kule Ngara na Biharamulo

Siku hizi Insta imejaa mbwembwe za kuzungusha glasi, kunusa na kutaja mvinyo ni wa mwaka gani. Sawa, Dodoma zabibu zipo, haina noma. Ila Ngara na Biharamulo wazee walikuwa na uonjaji wao, na haukuwa wa picha.

Kinywaji chenyewe ni pombe ya ndizi. Kagera ni rubisi, ukivuka mpaka Rwanda inaitwa urwagwa. Ndizi zinaivishwa shimoni siku kadhaa, zinakamuliwa na nyasi, juisi inachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, inalala kwenye mtumbwi wa mti. Kesho yake au keshokutwa iko tayari. Mvinyo mzuri ukikaa miaka unapanda bei. Rubisi ikikaa siku chache tu inachacha. Kwa hiyo hakuna wa kuificha stoo. Ikiiva, majirani wanaitwa.

Sasa pale kwenye duara, mwenye nyumba ndiye anapiga funda la kwanza, watu wote wanamwangalia. Sio uroho huo! Anaonyesha kibuyu hakina sumu, maana tuhuma ya sumu ilikuwa inavunja hadi undugu. Ndipo mrija unazunguka, mmoja kwa wengi. Mgeni akigoma kuonja, ni kama amemtuhumu mwenyeji hadharani, na hapo sherehe imeshaharibika.

Hata waliogombana wakipatanishwa na wazee, mwenye kosa alileta pombe, wakanywa pamoja mbele ya mashahidi.